Namna ya Kuacha Kazi na Kuwa Mtengeneza Programu Kabla ya Krismasi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi. Asiye na kazi haumhusu. Huyo ana kila sababu ya kujifunza chochote kinachofundishwa. Wewe ni karani wa mikopo kwenye sacco, mwalimu wa Kemia, nesi wa zamu ya usiku, au mhasibu wa kiwanda cha mabati kule Industrial Area. Mshahara unaingia kila mwezi, ingawa unafika ukiwa umeshapitia kwa kodi ya mapato, bima ya afya na ushuru wa nyumba, umechoka kuliko wewe. Juzi, ndani ya matatu ya Rongai, foleni ikiwa imekwama Bomas, ulifungua simu ukaona picha ya kijana mliyesoma naye shule ya upili. Ana laptopu iliyojaa vibandiko na kikombe cha kahawa ambayo povu lake limechorwa jani. Chini ameandika kwamba miezi michache iliyopita alikuwa akiuza bima, na leo ni mhandisi wa programu.

Usimwonee wivu. Fuata hatua zifuatazo nawe utafika alikofika, au walau utafika kwenye picha.

Kwanza, acha kazi

Waoga hujifunza kwanza, kisha ndipo wakaacha kazi. Wewe fanya kinyume. Peleka barua ya kujiuzulu Ijumaa jioni, ili bosi asipate nafasi ya kukubembeleza ubaki. Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakuwa na LinkedIn. Wangekuwa nayo wangeona misala ikipita kila dakika, mingine na punguzo la bei ukijiandikisha kabla ya saa sita usiku.

Usifanye hesabu. Hesabu ina tabia ya kuuliza kodi ya nyumba italipwa na nani wakati wa masomo, na itaendelea kulipwa na nani baada ya masomo, kabla ya kazi kupatikana. Hicho kipindi cha pili hakionyeshwi kwenye matangazo kwa sababu hakina picha nzuri.

Nyumbani nako usitaje muda wala pesa. Mama akipiga simu na kuuliza, "Mwanangu, hiyo kazi mpya ni ya serikali?" mjibu kwamba ni ya kompyuta. Ataridhika. Kasoro yake ni kwamba kuanzia siku hiyo wewe ndiye fundi wa ukoo: printa ya kanisa, simu ya shangazi iliyojaa video za harusi, televisheni ya mjomba iliyokataa kushika chaneli. Usijaribu kuwaeleza tofauti. Tafuta bisibisi.

Pili, chagua kambi kwa macho

Hizi kambi za kufundisha programu kwa wiki kadhaa zina historia fupi. Ijue, ili ukiipuuza uwe unajua unachopuuza. Dev Bootcamp, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa, ilifunguliwa San Francisco mwaka 2012. Kampuni za huko zilikuwa na njaa ya watu, na makuruta wa mwanzo walipata kazi kweli, wakalipwa vizuri, wakasimulia. Masimulizi hayo ndiyo yanayouzwa mpaka leo. Dev Bootcamp yenyewe ilifunga milango mwaka 2017, na mwaka huohuo Iron Yard, iliyokuwa na matawi katika miji mingi ya Marekani, ikafunga pia. Desemba 2024 ikaja zamu ya 2U, kampuni iliyokuwa ikiendesha kambi kwa majina ya vyuo vikuu mashuhuri: ikatangaza kwamba inaachana nazo.

Nairobi mbegu ilidondoka mapema. iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifunguliwa Ngong Road mwaka 2010, na kwa muda ikawa mahali ambapo ukimwaga chai unamwagia mwanzilishi wa kampuni. Moringa School ilianza mwaka 2014. Mwaka huohuo Andela ilianza Lagos, kisha ikaingia Nairobi na Kampala. Ilichagua vijana, ikawafundisha huku ikiwalipa, ikawakodisha kwa kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 Andela iliachisha kazi mamia ya watengeneza programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya, na sababu iliyotolewa ilikuwa wazi: wateja walitaka wenye uzoefu. Hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika mwongozo huu, kwa hiyo isome haraka upite.

Ukienda kutembelea kambi, usipoteze muda kuuliza mkufunzi amewahi kufanya kazi wapi, wala darasa moja lina watu wangapi. Angalia meza ya tenisi. Angalia mito mikubwa ya kukalia sakafuni, na taa za rangi ukutani zenye maneno ya kutia moyo. Kisha uliza asilimia ya waliopata kazi, na ukijibiwa "tisini", tabasamu, usiulize imehesabiwaje.

Kwa kuwa utaishi ndani ya asilimia hiyo, si vibaya kujua inavyopikwa. Tuseme wameingia watu 40. Ondoa walioacha njiani, maana hao hawakuhitimu. Ondoa wasiojibu barua pepe, maana huwezi kumhesabu mtu usiyempata. Ondoa "wasiotafuta kazi kwa bidii", na bidii inapimwa na kambi. Sasa wamebaki 10. Kati yao mmoja amerudi benki alikotoka, wawili wanalipwa na kambi yenyewe kuwasaidia makuruta wapya, wengine sita wana kibarua cha aina fulani. Jumla 9 kati ya 10. Asilimia 90, na hakuna aliyesema uongo.

Wengine hawakuwa na uvumilivu wa kupika hivyo. Aprili 2024, mamlaka ya Marekani inayolinda wateja wa huduma za fedha iliiadhibu BloomTech, ambayo zamani iliitwa Lambda School. Ilikuwa ikitangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wanafunzi wake walipata kazi ndani ya miezi 6. Wawekezaji wake, wao, walikuwa wakipewa takwimu zilizokaribia 50.

Tatu, lipa kwa njia ambayo si mkopo

Lambda School ilisifika kwa mpango mtamu: usilipe chochote sasa, utalipa ukishapata kazi. Ukianza kupata angalau dola 50,000 kwa mwaka, unatoa asilimia 17 ya mapato yako kwa miezi 24, mpaka ufikie dola 30,000. Ukikosa kazi hudaiwi. Wanafunzi waliambiwa kwamba huo si mkopo na hauna hatari. Mamlaka ile iliposoma mkataba iliona mkopo, ikaona na gharama yake iliyofichwa, ikaipiga kampuni marufuku ya kudumu ya kukopesha wateja. Mkurugenzi wake alizuiwa kujihusisha na mikopo ya wanafunzi kwa miaka 10.

Kwa hiyo ukikutana na mkataba wa namna hiyo hapa kwetu, usiusome. Hasa usisome sehemu inayoeleza "kazi" ni nini. Ukiisoma unaweza kugundua kwamba hata ukirudi sacco ulikotoka, mshahara uleule, meza ileile, umepata kazi, na makato yanaanza.

Mwongozo huu unapendekeza mkopo wa kawaida wa sacco, kwa sababu una wadhamini. Mkufunzi atafuatilia maendeleo yako mara moja kwa wiki; mdhamini aliyeweka akiba yake atakufuatilia kila siku, tena mpaka nyumbani. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, usiitumie kwa ada. Hiyo ihifadhi kwa ajili ya bando na tokeni za stima, ambazo hazikuwa kwenye bajeti kwa kuwa hukufanya bajeti.

Nne, darasani

Wiki ya kwanza ni ya raha. Unaandika maneno kwenye ukurasa, yanatokea kwenye kivinjari. Unayageuza kuwa mekundu. Unaweka kitufe, unakizungusha pembe zake, unakipa kivuli. Piga picha ya kitufe hicho uiweke mtandaoni upesi, kwa sababu wiki ya tatu inakuja na inaitwa JavaScript.

Lugha hii ilibuniwa na Brendan Eich akiwa Netscape, Mei 1995, kwa siku 10. Leo inaendesha karibu kila tovuti unayoifungua, na haraka ile ya Mei bado imo ndani yake. Iambie ijumlishe 3 na 5 iliyofungwa kwenye alama za kunukuu, itakupa 35, kwa kuwa imeona maandishi ikayabandika pamoja. Iambie itoe 3 kutoka kwa 5 ileile iliyofungwa, itakupa 2, kwa kuwa sasa imekumbuka kwamba ni namba. Iulize mwezi, itakuambia Januari ni mwezi wa 0 na Desemba ni wa 11. Kuruta mwenye adabu haulizi kwa nini. Anaongeza moja na kuendelea.

Waliokuwa wahasibu watolewe nje kabla ya somo la desimali. Jumlisha 0.1 na 0.2, jibu linalotokea kwenye skrini ni 0.30000000000000004. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na kwa mbili sehemu ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile theluthi isivyoandikika ikaisha kwa desimali zetu. Ndiyo maana programu makini za fedha huhifadhi senti kama namba nzima na kuacha nukta kabisa. Mhasibu akiliona jibu hilo atauliza, "Na mwisho wa mwezi, vitabu vikikataa kulingana, nani atawajibika?" Ni swali zuri mno na linachelewesha ratiba. Mwambie litajibiwa kwenye moduli ya nane. Kambi ina moduli saba.

Usiku utakwama. Skrini itajaa maandishi mekundu, na mstari mmoja kati ya hayo utakuwa unakueleza kwa lugha nyepesi ni faili gani na mstari wa ngapi una kasoro. Usiusome huo. Nakili maandishi yote, yatupe kwenye mtandao, chukua jibu la kwanza la mtu usiyemjua, libandike. Likikataa, bandika la pili juu yake. Alfajiri programu itakubali, na hutajua ni kipi kilichoiponya. Huko ndiko kuhitimu. Kuna watu watakuambia kwamba kazi yenyewe, ile inayolipwa, kwa sehemu kubwa ni kusoma: kusoma kosa linasema nini, kusoma msimbo ulioandikwa na mtu aliyeacha kampuni zamani, kusoma maelezo ya mteja mpaka uone alichosahau kusema. Watu hao wana mvi. Wapuuze.

Tano, mradi wa mwisho

Makuruta wa Nairobi wana uhuru kamili wa kuchagua mradi wanaoutaka kati ya mitatu: programu ya kuagiza chakula, tovuti ya kupangisha nyumba, au duka linalopokea M-Pesa. Chagua duka. Safaricom ina mlango uitwao Daraja ambao watengeneza programu huutumia kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, na mlango huo una namba ya majaribio, 174379, ambayo kila aliyepita kambini hapa Kenya anaikumbuka kuliko namba ya simu ya mama yake.

Picha yake ni hii. Saa nane usiku, wanne mezani, laptopu moja imechomekwa kwenye soketi pekee inayofanya kazi. Mnajaribu malipo ya shilingi 1. Mara ya kwanza inakataa, kwa kuwa mmeandika namba ya simu ikianza na 07 na Daraja inataka ianze na 254, bila alama ya kujumlisha. Mnarekebisha. Simu iliyo mezani inang'aa, kidirisha kinajitokeza kuomba PIN. Shangwe. Mwenye simu anaingiza PIN. Mnageukia laptopu. Imeandika: tunasubiri malipo.

"Imeingia?"

"Haijaingia."

"Lakini PIN si nimeweka?"

Inaendelea kusubiri mpaka chai inapoa. Jibu la M-Pesa halirudi papo hapo. Hutumwa baadaye kwenye anwani ya intaneti mliyoiandika ninyi wenyewe, na ninyi mliacha ile ya mfano, mkainakili bila kuisoma. Jibu limekwenda huko. Kompyuta yenu, iliyojificha nyuma ya ruta ya hosteli, haina anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia.

Hapo ndipo yule dada aliyekaa miaka kwenye kibanda cha M-Pesa Gikomba, ambaye usiku kucha amekuwa kimya, anauliza: "Na mteja akiona inachelewa, akabonyeza tena?"

Kimya.

"Maana atabonyeza. Wote hubonyeza. Halafu unakuta amekatwa mara mbili, anakuja dukani na kelele. Na je, simu ikizimika akiwa katikati? Na akikosa salio?"

Mjibuni kwa upole kwamba hiyo si sehemu ya mradi. Majibu ya maswali yake, kwa bahati mbaya, yapo yote, na Daraja huyarudisha kwa namba: 0 pesa imelipwa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Mfumo wa malipo wa kweli, kwa sehemu kubwa, ni jinsi ya kuishi na hizo namba tatu za mwisho, na kuhakikisha kwamba aliyebonyeza mara mbili halipi mara mbili. Lakini siku ya maonyesho mtaonyesha malipo yanayofanikiwa, mara moja, kwa simu yenye salio, na watu watapiga makofi.

Sita, zika ulichokuwa

Umehitimu. Sasa andika wasifu mpya, na kazi ya kwanza ni kufuta. Futa miaka yako ya sacco. Ulijua jinsi deni la mkopaji mmoja linavyoning'inia kwenye akiba ya wadhamini wake, jinsi mkopo mpya unavyolipa wa zamani na kubaki na kidogo, jinsi riba inavyokokotolewa kwenye deni linalopungua, na kwa nini Desemba kila mtu anataka gawio kabla ya vitabu kufungwa. Kuna kampuni zinazounda mifumo ya sacco huku watengeneza programu wao wakidhani mdhamini ni shahidi tu. Usiwatafute. Wanaweza kukuajiri.

Nesi naye afute wodi. Anajua kwa nini zamu nzima ya usiku hutumia nywila moja iliyobandikwa kwa plasta kwenye kompyuta: kuingia upya huchukua muda, na mgonjwa wa kitanda cha mwisho hana muda huo. Mifumo mingi ya hospitali imeundwa na watu wasiojua jambo hilo, wakazidi kurefusha nywila na kushangaa kwamba plasta nayo inazidi kuwa ndefu. Mwalimu afute darasa. Anajua kwa nini alama huandikwa kwanza kwenye karatasi hata shule ikiwa na mfumo, kwa kuwa stima hupotea wakati wa mitihani na karatasi haipotezi mtandao.

Vyote hivyo ni uzoefu, na wewe unataka kuanza upya. Mahali pake andika: "Mtengeneza programu mwenye shauku, mpenda kujifunza." Ambatanisha duka la M-Pesa. Afisa ajira atalitambua mara moja, maana asubuhi hiyo ameshafungua maduka ishirini yanayofanana nalo, mengine yakiwa na kitufe chako chenye kivuli.

Saba, tafuta kazi

Tangazo litasema kazi ni ya anayeanza, mwenye uzoefu wa miaka 3. Usione ukinzani. Omba. Omba nyingine 50.

Watakaokujibu watataka kwanza uandike namba 1 hadi 100, ila zinazogawanyika kwa 3 uziite jina moja, zinazogawanyika kwa 5 jina jingine, na zinazogawanyika kwa zote uunganishe majina hayo. Jaribio hilo linazunguka kwenye mahojiano miaka mingi na lingali linawaangusha watu, kwa kuwa ni la kuandika ukiwa peke yako na la kukwepa kunakili. Ukilipita watakupa mti wa data uupindue kushoto iwe kulia ubaoni. Usijidharau ukishindwa. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, chombo kinachotumiwa na watengeneza programu wengi wenye kompyuta za Apple, alilalamika hadharani kwamba Google ilimkataa kwa kushindwa mti huohuo. Tofauti yenu ni ndogo: yeye alikuwa na Homebrew.

Au kwepa yote hayo utafute kazi ya mbali, ya dola. Hakikisha tu umeelewana na usingizi. Saa tatu asubuhi ya New York, wakati wa majira yao ya joto, ni saa kumi alasiri Nairobi. Saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa moja usiku. Mkutano mfupi wa asubuhi utaufanya baada ya taarifa ya habari, na ukiambiwa "tumalizie jambo hili kabla ya kutoka kazini", hapo kwako jogoo wa kwanza anajiandaa.

Nane, usiogope mashine

Utasikia kwamba umefika sokoni kwa kuchelewa. Juni 2022 GitHub ilianza kuuza Copilot, inayomalizia msimbo kabla mwandishi hajamaliza kufikiri. Novemba mwaka huohuo ikaja ChatGPT. Ile kazi ndogondogo waliyokuwa wakipewa wanaoanza, ya fomu, kitufe na jaribio rahisi, mashine huifanya kwa sekunde. Kambi hazikukaa zikiangalia. Nyingi zimeongeza "na akili bandia" kwenye jina la kozi, na ada ikapanda kuendana na jina.

Nairobi ina uhusiano wa karibu na mashine hizo kuliko watu wanavyodhani. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa hapa walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi machafu ya kutisha, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Tukaifunza adabu kwa bei hiyo. Sasa inakaa kwenye kiti cha anayeanza.

Iambie ikuandikie duka la M-Pesa. Italiandika upesi, na inaijua 174379. Itakupa malipo yanayofanikiwa. Kama hujawahi kusimama mbele ya mteja aliyekatwa mara mbili, hutajua cha kuiuliza, na msimbo wake utaupokea kwa shukrani.

Tisa, kuhusu wabishi

Kuna kundi moja ambalo mwongozo huu haujaweza kulisaidia. Hawaachi kazi. Jioni, wakishawalaza watoto, wanafungua CS50 ya Harvard au freeCodeCamp, zote za bure, wanajisukuma miezi mitatu kuona kama wanaipenda shughuli yenyewe au walipenda picha tu. Wengi wao hugundua hawaipendi, na ugunduzi huo haujawagharimu ila bando.

Wanaobaki ndio wakorofi zaidi. Wakifika kambini wanauliza: kati ya wote walioingia mwaka juzi, pamoja na walioacha, wangapi leo wanalipwa kuandika programu na mtu ambaye si ninyi? Nipe namba ya simu ya aliyemaliza akakosa kazi. Nikiugua wiki ya tano, ada inarudi? Mkataba naupeleka nyumbani, nitaurudisha Jumatatu. Wakikubali kulipa, wanalipa kidogo kidogo, na wanataka risiti.

Mradi nao hawachagui kati ya ile mitatu. Yule dada wa Gikomba, kwa mfano, ni mtu wa kutengeneza kitu kidogo chenye sura mbaya: kinalinganisha meseji za M-Pesa za siku nzima na daftari la duka, na kuonyesha ni malipo gani yamejirudia. Hakina kivuli kwenye kitufe. Mwenye duka la jirani akikiona atakitaka, kisha muuza vitambaa aliye mkabala naye, kisha mwenye duka la jumla ambaye kila jioni mashemeji zake wawili hukesha wakifanya kazi hiyo kwa kalamu.

Mtu wa namna hiyo hajahama kazi hata kidogo. Ameichukua ileile aliyokuwa nayo na kuiongezea kompyuta, na sasa anapigiwa simu mambo yakiharibika. Kwa upande wa kambi hafai kwa tangazo lolote: hana picha ya kahawa, hana cheo kipya, na kwenye asilimia 90 hawezi kuingizwa, kwa sababu baada ya kusoma ule mkataba Jumamosi na Jumapili aliamua kutolipa.